Wapagazi wa Mlima LeConte

Mtu apandaye Mlima LeConte, katika jimbo la Tennessee, Marekani, huweza kushtuka akutanapo njiani na msafara wa lama: wanyama wa jamaa ya ngamia, wasio na nundu, wenye shingo ndefu, wamefungwa mizigo mgongoni.

Karibu na kilele cha mlima huo, wenye urefu wa mita 2,010, ipo kambi ya wageni isiyo na barabara. Shehena nzito hupelekwa kwa helikopta mara moja kwa mwaka. Vyakula vibichi na mashuka safi hupandishwa na lama, nao hurudi na mashuka machafu pamoja na taka. Kazi hiyo wanaifanya tangu 1986, mahali pa farasi. Kwato ngumu huichimbua njia ya mlimani, na mvua humalizia. Lama ana vidole viwili vyenye nyayo laini.

Askari aliyepata kujitwika mzigo milimani atamhusudu mnyama huyu kwa jambo moja: akizidishiwa hulala chini, wala fimbo haimwinui. Kwa kawaida hupewa robo tu ya uzito wake.

Akutanaye nao husimama kando, kimya, hata apite wa mwisho.