Siku Kumi na Nne za Rufani

Alasiri moja, watu wangali wakitoka msikitini hapa Bondeni, alitujia mama mmoja akaketi barazani asiweze kusema neno. Mwanawe alikuwa amefungwa mwaka mmoja na hakimu kwa kumpiga jirani katika ugomvi wa foleni ya maji. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Mama alidhani mambo yamekwisha, akataka tumsomee dua. Dua tulimsomea, kisha tukamwuliza tarehe ya hukumu.

Nyumba nyingi hazijui kuwa aliyehukumiwa na hakimu aweza kukata rufani katika Mahakama Kuu, na kwamba haki hiyo imo katika kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010. Muda wake ni siku 14. Ukipita, ni kuomba ruhusa na kueleza sababu, kama vile kucheleweshewa nakala ya hukumu. Hati yenyewe hutaja hoja za kupinga, na aliyefungwa aweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Wakili hufaa, lakini si sharti.

Jaji hatazami makosa ya hakimu tu. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, yampasa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi kwa macho yake. Katika kesi ya kujeruhi, ambayo kifungo chake chaweza kufika miaka 5, fomu ya P3 husomwa kwa makini: je, jeraha lalingana na maneno ya mlalamikaji?

Lakini kijana huyu alikuwa amekiri, na hapo tuliingiwa na hofu. Aliyekiri kosa hana rufani juu ya hatia, ila juu ya adhabu. Tukamwuliza mama, alikiri kwa maneno gani? Akatwambia: “Alisema, kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenianza kwa fimbo.” Huko si kukiri kulikokamilika. Maneno kama hayo hupasa kuandikwa kuwa amekana, na hoja hiyo husikizwa kwenye rufani. Tulimwonya pia kwamba jaji ana uwezo wa kuzidisha adhabu, si kuipunguza tu.

Wako waliotwambia tuipeleke kwa Kadhi. Kadhi huamua ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, jinai haimo. Sulhu ilikuwa na mahali pake, kwani sheria humruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika mashambulio madogo, lakini kabla ya hukumu. Wakati huo sisi wazee wa mtaa tulikuwa wapi? Tulisikia ugomvi ule, tukasema ni wa vijana.

Siku ya kumi na mbili mama alipanda matatu kwenda Shimo la Tewa, bahasha ameishika chini ya buibui. Hati ilipokewa kabla ya muda kwisha. Rufani haijasikizwa bado.