Mashini ya kupima maji nayo inadanganya: isawazishe kabla ya kuiamini

Ndugu mkulima, kama umewahi kuuza maharagi kwa mfanyabiashara, unajua namna mizani inaweza kudanganya. Nyumbani gunia lilikuwa kilo 100, kwa mnunuzi linakuwa 92. Mwenye akili anabeba jiwe ambalo anajua kilo zake, analiweka kwanza juu ya mizani ile. Hata mnunuzi wa zahabu hapa Nizi hapimi gramu moja kabla ya kuangalia kama mizani yake iko kwenye sifuri.

Ile mashini ndogo ya kupima pH ya maji nayo ni mizani. Koperative nyingi zimeshapokea moja, iko ndani ya boksi yake, na watu wanaitoa, wanaitia ndani ya maji, wanaandika namba. Lakini nani aliiangalia kwanza? Mashini hii inapoteza njia pole pole, hata kama haifanyi kazi. Haitakuambia. Itaonyesha 7,2 kwa uhakika kabisa, na kumbe maji ni 8,4.

Je, tofauti hiyo inaleta shida gani? Chukua tanki mpya ya simenti. Simenti mpya inatoa chokaa ndani ya maji, na pH inaweza kupita 8,5. Kiisha mnatia klori juu ya kipindupindu. Kwa pH 7, karibu robo tatu ya klori iko katika hali ile inayoua vijidudu haraka. Kwa pH 8,5 inabaki kama sehemu moja kwa kumi. Mmetia klori ileile, harufu ni ileile, lakini kazi imepungua sana. Mtu aliyeandika 7,2 kwenye kaye hakusema bongo; mashini ndiyo ilimdanganya, na watoto ndio watalipa.

Jiwe letu la kilo inayojulikana ni sashe za dawa zilizoandikwa pH 7,00 na pH 4,01. Kuna pia ya 10,01, kwa maji yanayopita 7, kama yale ya tanki mpya. Angalia kwanza tarehe ya kuisha, kwa sababu sashe iliyopita muda ni jiwe lililovunjika kipande. Ile ya 10 inaharibika upesi zaidi ikiachwa wazi, hewa inaishusha.

Osha ncha ya mashini, ile tunaita elektrodi, na maji yaliyochujwa kabisa, yasiyo na chumvi. Usiisugue na kitambaa, ikaushe kwa kuigusa tu na karatasi laini. Tia dawa ya 7 ndani ya kopo safi, ingiza elektrodi, tikisa kidogo, ngoja namba itulie, halafu bonyeza kifungo cha kusawazisha. Osha tena. Fanya vilevile na dawa ya 4, au ya 10 kama maji yenu yanaelekea huko. Kila mara anza na 7.

Kiisha rudi kwenye 7 kuhakikisha. Ikionyesha kati ya 6,9 na 7,1, endelea na kazi. Ikionyesha kitu kingine, rudia yote. Kama namba inatembea tembea dakika nyingi bila kutulia, elektrodi imechoka. Kwa kawaida inaishi mwaka mmoja au miwili, na lazima muiwekee feza mapema. Dawa iliyotumika usiirudishe ndani ya chupa yake. Najua inauma kuimwaga, maana sashe ni bei, lakini ukiirudisha unaharibu na ile iliyobaki.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la usiku: watu wanaosha mashini vizuri, wanaikausha, wanaifunga kavu. Elektrodi kavu inakufa. Ndani ya kofia yake weka dawa ya kuhifadhi, na kama hamna, matone ya dawa ya pH 4 yanasaidia. Yale maji yasiyo na chumvi ni ya kuoshea tu, usiilaze ndani yake.

Kwa mashini ya kupima matope ya maji, jiwe la mizani ni vile vichupa vilivyofungwa vinavyokuja nayo. Vipanguse kwanza: alama ya kidole juu ya kioo inahesabiwa kama matope. Kwa klori tunataka maji yawe chini ya NTU 5. Kama mashini imekufa, ile bomba ndefu ya kuangalia alama chini yake inatosha, na haitaki pile.

Walio na mabwawa ya samaki na mashini ya oksijeni, mjue kwamba urefu wa mahali unahesabika. Bunia iko karibu metre 1275 juu ya bahari, na maji ya huku yanabeba oksijeni pungufu kama asilimia 14 kuliko ya pwani. Mashini iliyosawazishwa pwani lazima isawazishwe upya hapa.

Fungueni kaye moja kwa kila mashini. Mwandike tarehe, nani alisawazisha, namba kabla na namba baadaye. Siku mtaketi na wachimbaji wa juu ya mto, mbele ya chef, kuonyesha kwamba maji yanageuka rangi wanapoosha mchanga, watauliza: mashini yenu ni ya kweli? Mkifungua kaye, maneno yatakuwa mafupi.

Tena kitu kimoja. Dhahabu inachimbwa upande huu wa Kilo tangu 1905, na leo wengi wanaishika na merkiri. Mashini ya pH haioni merkiri, ya matope nayo haiioni, hata zikisawazishwa kila asubuhi. Msimwambie mama wa mboga kwamba maji ni salama kwa sababu pH ni 7. Kipimo cha merkiri ni cha laboratware. Kabla ya kuchota, ombeni kwao chupa na maagizo ya namna ya kuchota, na pelekeni kaye pamoja na chupa.