Ladha Sita za Chakula katika Ayurveda na Athari Zake kwa Mwili na Akili

Ayurveda ni mfumo wa tiba uliochipuka Bara Hindi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hadi leo unafundishwa katika vyuo vya India. Katika vitabu vyake vya msingi, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, ladha ya chakula huitwa rasa. Neno hilo la Kisanskriti lina maana ya utomvu, ladha na pia hisia za moyoni. Msemaji wa Kiswahili halioni jambo hilo kuwa geni, kwani lugha yake nayo huiita huzuni uchungu, na hasira ukali.

Ladha zinazotajwa ni sita: tamu, chachu, ya chumvi, kali kama ya pilipili, chungu, na yenye ukakasi kama wa ndizi mbichi. Kila moja huhesabiwa kuwa imetokana na asili mbili kati ya tano, yaani ardhi, maji, moto, hewa na anga. Kwa sababu hiyo ladha huongeza au hupunguza nguvu tatu za mwili: vata, yenye mwendo na ukavu, pitta, yenye joto na mmeng'enyo, na kapha, yenye unyevu na uzito. Afya ni mizani ya nguvu hizo.

Ladha tamu hujenga mwili na kuridhisha nafsi, lakini ikizidi huleta unene, uvivu na usingizi mwingi. Ladha chachu huamsha hamu ya chakula na kuichangamsha akili. Ikizidi huleta kiu na ganzi ya meno. Chumvi hulainisha na kusaidia mmeng'enyo. Ikizidi husemwa kuleta mvi na makunyanzi kabla ya wakati. Ukali husafisha kinywa na kunoa hisi, lakini wingi wake huunguza na kutia kizunguzungu. Uchungu haupendezi ulimini, ila humrudishia hamu ya kula aliyeipoteza, ukizidi hukondesha. Ukakasi hukausha na kufunga, na ukizidi huleta kufunga choo.

Sayansi ya leo inakubaliana na sehemu ya maelezo haya na kutofautiana na sehemu nyingine. Ukali wa pilipili hauhesabiwi kuwa ladha, kwani hupokewa na neva zile zile zinazohisi joto na maumivu. Ukakasi nao ni mguso: tanini za chai au tunda bichi hushikamana na protini za mate, na ulimi ukaparara. Kwa upande mwingine, vipokezi vya uchungu na utamu vimegunduliwa pia katika utumbo, jambo linaloonyesha kwamba kazi ya ladha haiishii kinywani.

Funzo lenye manufaa makubwa limo katika ladha tamu. Ayurveda huweka mchele, ngano na maziwa katika kundi hilo, ijapokuwa havina utamu wa sukari mdomoni. Kwa mgonjwa wa kisukari hilo ni jambo la kuzingatiwa. Wako wanaoacha sukari katika chai, kisha wakala sahani iliyojaa wali au ugali, kwa kudhani kwamba kisichokuwa kitamu hakina madhara. Wanga humeng'enywa ukawa glukosi, na damu huipokea glukosi hiyo bila kujali ulimi ulionja nini.

Kosa la pili ni kudhani kwamba uchungu hufuta utamu. Katika Ayurveda, karela na mwarobaini ni vitu vyenye ladha chungu, na vyote viwili vinajulikana sana Afrika Mashariki. Karela ikiliwa kama mboga ni chakula chema. Lakini ladha huonyesha mwelekeo tu, haionyeshi kipimo. Anayeacha insulini au vidonge kwa ajili ya maji machungu huhatarisha macho, figo na uhai wake. Anayevichanganya pamoja kwa siri aweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, akatetemeka, akatoka jasho na hata kuzimia. Vivyo hivyo, ukakasi hautoshi kumtibu mtoto anayeharisha. Anahitaji dawa ya kuongeza maji na chumvi mwilini pamoja na zinki.

Tahadhari nyingine inahusu dawa zilizotengenezwa tayari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Mhudumu wa afya hana haja ya kuidhihaki elimu hii mbele ya mgonjwa anayeiamini, kwani aliyedhihakiwa huficha anachokunywa. Ni bora aulize kwa upole: ni kitu gani, kiasi gani, na tangu lini? Kisha aitumie lugha ya ladha kupanga mlo: kupunguza wanga, kuongeza mboga chungu na kunde, na kutia ndimu au tangawizi ili chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa naye aendelee na dawa zake, na kila kitu kipya anachotaka kutumia akitaje kwanza kliniki.