Vidole vilivyopigwa msasa

Dada wa kaunta alimwambia aweke dole gumba. Mashine ikakataa. Akamwambia aweke cha shahada, ikakataa. Cha kati, cha pete, cha mwisho. Wakahamia mkono wa kushoto wakaanza upya, huku foleni nyuma yetu ikiguna. Dada akampa kitambaa apanguse, akampaka mafuta kidogo, akakikandamiza kidole cha mzee kwa kidole chake mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka tena.

"Baba, kwani unafanya kazi gani?"

"Nasugua vyuma."

Mzee alikuwa amepoteza simu, na alichotaka ni kurudishiwa laini yake tu. Kitambulisho cha Taifa alikuwa nacho mkononi, sura ni yake, jina ni lake. Lakini tangu Mei 2019 laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na vidole vya mzee huyu vilikuwa laini kama komwe za bao. Dada akamshauri, kwa upole kabisa, apumzike kazi wiki chache, ngozi itarudi. Mzee akashukuru, akachukua kitambulisho chake, akatoka.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Niliiacha, nikamfuata nje.

Kijiwe chake kipo Ilala, si mbali na maduka ya spea ya Shaurimoyo: benchi la mbao, ndoo tatu, mwavuli wa kampuni fulani ya soda uliopauka, na gunia la vyuma vya watu. Hakutaka jina lake liandikwe. Pale kila mtu anamwita fundi, nami nitamwita hivyo. Kazi yake ni kuchukua kipande cha gari kilichopigwa na jua, mvua na upepo wa bahari hadi kikachakaa, akakirudisha king'ae. Hapaki rangi wala hachovyi kitu kwenye dawa. Anasugua kwa mkono.

"Mimi sijui kung'arisha," aliniambia siku ya kwanza, nami nikadhani ananitania. "Nakwaruza tu. Naufuta mkwaruzo mkubwa kwa mkwaruzo mdogo, na huo mdogo kwa mdogo zaidi, mpaka jicho lako lishindwe kuuona. Likishashindwa, wewe mwenye jicho ndiyo unasema kimeng'aa."

Siku hiyo benchini palikuwa na mfuniko wa juu wa injini ya Datsun 1600, ule ambao mafundi wanauita tapeti kava. Wenye mvi wanalikumbuka gari hilo: Edgar Herrmann aliliendesha akashinda Safari Rally ya 1970. Hili la mteja lilikuwa limelala miaka chini ya mwembe. Alumini haioti kutu nyekundu. Huota unga mweupe kama chumvi inayochanua kwenye ukuta wa nyumba ya pwani, na ukiukwangua unga huo unakuta vishimo. Kava lilikuwa limejaa vishimo. Mimi ningelipeleka kwa wauza vyuma chakavu bila kujiuliza mara mbili.

Fundi aliliosha kwanza kwa petroli, kisha kwa sabuni, akaliacha likauke juani. Akakunja msasa namba 120, akauzungushia kipande cha kandambili kuukuu, akaanza. Kandambili ndiyo siri ya sehemu bapa, kwa sababu kidole kitupu huchimba. Alisugua kwa urefu, kutoka nyuma kwenda mbele, bila kuzungusha mkono hata mara moja. Unga mweupe ukatoka, kisha wa kijivu, na baada ya saa nzima hivi vishimo vikaanza kumezwa. Nilipomwambia kava limeharibika zaidi kuliko alivyolipokea, alitikisa kichwa kuafiki. Lilikuwa limejaa michirizi mirefu kama shamba lililotoka kulimwa.

Namba 240 akaipitisha kwa upana. Hapo ndipo niliposogeza kigoda. Kila akibadili msasa, anabadili upande: uliopita ulikwenda kwa urefu, huu unakwenda kwa upana, unaofuata kwa urefu tena. Sababu yake ni nyepesi ukishaambiwa. Michirizi ya zamani ikilala upande mmoja na mipya upande mwingine, ya zamani haina pa kujificha. Unasugua mpaka usione hata mmoja wa ule upande wa kwanza, ndipo unaruhusiwa kusonga mbele. Anayeharakisha ataukuta mchirizi wa 240 unamngoja kwenye 2000, na kwa hapo dawa ni moja: kurudi nyuma namba zote.

Kuanzia 400 anatumia msasa wa maji, na ndoo tatu zinaanza kazi. Ya kwanza ni ya namba za chini, ya pili ni ya katikati, ya tatu ni ya 1000 kwenda juu, imetiwa tone la sabuni, na juu imefunikwa sinia. Haruhusu mtu aiguse. Kabla ya kutumbukiza mkono ndani yake anaosha vidole, kucha na kiwiko, kama mtu anayejiandaa kwa swala. Punje moja ya mchanga wa namba ya chini ikiingia humo, alisema, itapiga mstari kava zima, na hutajua ni lini imeingia. Nilimwona akimwaga ndoo nzima kwa sababu bodaboda ilipita karibu ikatifua vumbi.

Halafu herufi. Kava lile lina herufi zilizotokeza, zimemwagwa pamoja nalo kiwandani, na katikati ya herufi ndipo unga mweupe ulipojichimbia. Jirani wa fundi ana mashine ya umeme yenye gurudumu la kitambaa. Ingemaliza kazi hii kabla ya chai ya saa nne, na fundi mwenyewe huazima mashine hiyo kwa rimu zisizo na nakshi, hilo hakunificha. Ila gurudumu halijui herufi inaanzia wapi. Linakula kona, linaziacha zimevimba kama maandishi ya sabuni iliyotumika. Kwa hiyo alitoa kijiti cha mshikaki, akakizungushia msasa mwembamba kama utepe, akaanza kuingia katika tumbo la kila herufi. Pale kijiti kisipofika, anatumia ncha ya kidole. Msasa upo upande mmoja na ngozi upande mwingine, lakini msasa uliolowa huteleza, hujikunja, na kwa saa ngapi kwa siku ncha ile ya kidole inapita juu ya chuma na mchanga? Sikuhesabu. Niliona tu anavyobadilisha vidole kwa zamu, kama mtu anayepumzisha ng'ombe wa kulimia.

Neno lenyewe, msasa, ni la mti wa porini wenye majani yanayokwaruza, ambayo maseremala wa zamani walisugulia mbao. Sisi wa magazeti tunalitumia kila siku: habari hii ipige msasa. Nilimweleza hivyo fundi, akauliza huwa tunaanza na namba ngapi.

Baada ya 2000 kava lilikuwa na rangi ya maziwa, halina michirizi, lakini halijang'aa. Fundi akapaka Autosol kidogo sana kwa kipande cha kanga iliyochakaa, akasugua, kanga ikawa nyeusi tii. Weusi ule ni alumini yenyewe inayobanduka, uchafu ulikwisha zamani. Na kuna jambo lililonichekesha nilipolitafakari. Unga laini uliomo katika dawa nyingi za aina hii ni oksidi ya alumini, ndugu wa ule unga mweupe aliotumia asubuhi nzima kuufukuza, na ndiyo iliyo ndani ya yakuti zinazochimbwa Longido. Adui wa asubuhi anarudi alasiri kama mtumishi. Mwisho alipaka unga wa ngano, akafuta mabaki ya mafuta kwa upande mkavu wa kanga.

Akaniomba gazeti. Nilidhani anataka kusoma. Aliliinamisha juu ya kava, akatazama kichwa cha habari kikisomeka kinyume ndani ya chuma, akanirudishia. "Gazeti lenu hapa lina kazi hiyo moja tu, mwanangu."

Si kila kinachong'aa anakubali kukipiga msasa. Bampa la Peugeot 504 analipenda, maana ni stenlesi mpaka ndani, utalisugua utakavyo. Bampa la kromu analiogopa. Kromu ile ni tabaka jembamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita, chini yake kuna nikeli yenye umanjano, na ukishaifikia nikeli umeliua bampa la mtu. Anayeleta kromu yenye madoa ya kutu hupigiwa kwa karatasi ya foili iliyokunjwa na kuloweshwa maji, basi. Wako wanaobisha. Anawarudishia bampa lao.

Nilimuuliza kuhusu vumbi la ile misasa ya mwanzo, inayosuguliwa kavu, naye hana barakoa. Alicheka, kisha akakohoa, na sikuweza kujua kikohozi kile kilikuwa cha kicheko au cha kazi. Nilimuuliza pia kuhusu zile wiki za kupumzika alizoshauriwa kaunta. Akanitazama kwa muda. "Yule binti ana adabu," akasema. "Lakini hakuniambia wiki hizo nitakula wapi." Sina jibu la swali hilo, na sidhani kama mashine ile inalo.

Kazi yenyewe nayo haidumu. Dar ina bahari, na alumini iliyoachwa wazi itaanza kufifia baada ya muda. Fundi humwambia kila mteja asugue mwenyewe kila anapoosha gari. Wengi hawasugui. Wanarudi, naye anakula kwa kurudi kwao, kwa hiyo halalamiki sana.

Jumamosi mwenye Datsun alikuja kuchukua kava lake. Aliligeuza huku na huku, akajiona uso, akaona pengo la jino lake, akacheka peke yake. Halafu akatoa simu alipe. Akabonyeza namba aliyotajiwa, akasita.

"Mzee, mbona linakuja jina la mwanamke?"

"Tuma tu," fundi akasema, huku akiosha vidole kwenye ndoo ya kwanza. "Ni la binti yangu."