Pesa za kutafuta seli zilizozeeka ziko mbali na malaria ya Bunia

BUNIA, Ituri – Mtoto akishikwa na homa Bunia, kinachofuata kinajulikana. Kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kioo, na mtu wa labo anatafuta vijidudu vya malaria kwa mikroskopu. Vikionekana, dawa inatolewa kwa siku 3. Homa inaisha, mtoto anarudi shuleni, hadi mara nyingine.

Mikroskopu hiyo haionyeshi alama ambayo malaria inaacha ndani ya seli za mwili. Mwaka 2018, watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walitoa matokeo ya uchunguzi wa wasafiri waliotibiwa malaria na kufuatiliwa kwa miezi 12. Telomea zao, yaani ncha zinazolinda nyuzi za urithi ndani ya seli, zilifupika. Alama nyingine ya uzee wa seli ilipanda. Mwaka ulipotimia, hali ilikuwa imerudi.

Lakini wasafiri hao walikuwa wamerudi Sweden, ambako hakuna mbu wa kuwaambukiza tena. Mkaaji wa Mudzi-Pela, au mtu aliyekimbia vita na kulala chini ya hema Kigonze, nani atampa miezi 12 bila malaria?

Seli iliyozeeka si seli iliyokufa. Tangu 1961, Leonard Hayflick wa Marekani alipoonyesha kwamba seli za binadamu hugawanyika mara kadhaa kisha zinaacha, inajulikana kwamba zinabaki hai. Baadhi zinamwaga kemikali zinazochokoza seli za jirani, kama mpangaji asiyelipa wala kuhama. Hata hivyo zina kazi: zinasaidia kidonda kufunga, na seli inayoelekea kuwa kansa inaweza kusimamishwa kwa njia hiyo hiyo. Kuziua zote ovyo kungekuwa hatari.

Shida ni kuzipata. Ni chache, zimetawanyika, na hakuna alama moja inayozitambulisha zote. Ndiyo maana mwaka 2021 taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zilitangaza mradi wa SenNet, wa karibu dola milioni 125 kwa miaka 5. Pesa hizo ni za mbinu zinazosoma seli moja moja bila kupoteza mahali ilipokaa katika pafu au ngozi, ili kuchora ramani ya mwili. Vituo vya mradi viko Marekani, nchi ambako watu wengi wanazeeka bila kuugua malaria hata mara 1.

Mashine si kwamba haziwezi kufika Ituri. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, virusi vilipimwa hapa hapa Bunia kwa mashine za GeneXpert, na majibu yalitoka kwa saa chache. Wafadhili walilipa; ugonjwa ule ungeweza kupanda ndege na kuwafikia.

Kupima telomea kunahitaji damu kidogo, mashine ya PCR, na friza isiyozimika. Kwa Bunia, gharama ya kwanza ingekuwa umeme wa friza hiyo.