KUPUNGUZA UNENE: JE, NI LAZIMA KUHESABU KILA TONGE?

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana siku hizi na akina mama, na hata na akina baba ambao vitambi vimeanza kuwazuia kufunga viatu vyao, ni hili la kupunguza unene. Huyu ameandikiwa karatasi ya masharti: asubuhi yai moja na chai isiyo na sukari, mchana tango, jioni maji. Yule ametiliwa na kijana wake programu katika simu, nayo yamtaka aandike kila alacho, tangu punje ya karanga hadi kijiko cha mchuzi. Baada ya majuma sita wote wawili wamechoka. Karatasi imepotea, programu haifunguliwi tena, na mwili umerudi pale pale ulipokuwa, pengine na ziada juu yake. Ndipo linapozuka swali: je, mtu aweza kupungua bila ya kujifunga kwa masharti makali na mahesabu ya kila siku? Na kama aweza, je, njia hiyo ni bora kuliko ile?

Swali hili si la urembo tu. Unene uliopita kiasi, hasa ule unaojikusanya tumboni, huenda pamoja na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, nao huyachakaza magoti kabla ya wakati wake. Tena kwetu lina uzito wa namna nyingine. Katika miaka ya 1980 wananchi wa Uganda waliuita UKIMWI kwa jina la “Slim”, yaani ugonjwa wa kukondesha, na tangu siku hizo mtu anayepungua hutazamwa kwa jicho la shaka na majirani. Wako watu wanaouogopa wembamba kuliko kisukari, wakaushika unene wao kama cheti cha afya njema. Kwa hiyo anayeamua kupungua huku kwetu hupigana vita viwili, kimoja na mwili wake, na kingine na maneno ya mtaani.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mwaka 1918 daktari mmoja wa kike wa California, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kiitwacho Diet and Health, ambamo aliwafundisha wasomaji wake kukipima chakula kwa kalori, yaani kipimo cha nguvu iliyomo ndani yake, badala ya kukitaja kwa vipande na visahani. Kitabu hicho kilinunuliwa mno Marekani, na tangu hapo mamilioni ya watu wamekwenda na daftari mezani. Msingi wa hesabu hiyo ni wa kweli, wala hakuna aliyeweza kuuvunja: mwili ukipewa nguvu pungufu kuliko unazotumia, hula akiba yake ya mafuta. Tatizo ni kwamba mwili si debe la kupimia mahindi, linalokaa kimya huku mwenyewe akichota. Mwili ukichotwa hujitetea.

Namna unavyojitetea ilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1945. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikielekea mwisho, na mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa huko Ulaya. Vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, walijitolea. Kwa majuma 24 walipewa kalori zipatazo 1,570 kwa siku, chakula cha mikate, viazi, kabichi na tambi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila juma. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini tazama yaliyowapata: walihisi baridi hata siku za joto, wakawa wepesi wa hasira, wakaota chakula usiku na kukizungumza mchana kutwa. Wengine walianza kusoma vitabu vya upishi kama mtu asomavyo riwaya, na wengine walilamba sahani zao. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na mafuta yalirudi mwilini kabla ya misuli, yakapita kiasi yalichokuwa nacho mwanzo.

Nawaomba wasomaji waitazame tena ile namba ya 1,570. Karatasi nyingi za masharti zinazozunguka mikononi mwa akina mama wetu zinaagiza kalori 1,200 au hata chini ya hapo. Ni kweli kwamba wale walikuwa wanaume wembamba waliotembezwa sana, na mwanamke mnene anayeketi dukani ana akiba kubwa kuliko wao na hutumia kidogo. Hata hivyo anayekula tango mchana na maji jioni, kisha usiku wa manane akajikuta jikoni akila ugali wa baridi kwa mkono, asijilaumu kuwa hana msimamo. Vijana wale walichaguliwa kwa uthabiti wao, nao njaa iliwageuza.

Uchunguzi wa miaka hii umeongeza sababu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya watu 14 walioshiriki katika shindano la kupungua lililoonyeshwa katika televisheni ya Marekani. Kwa majuma 30 ya mazoezi makali na chakula kidogo walipungua kwa wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha, kwa wastani, kilo 41. Tena miili yao, hata katika kupumzika, ilikuwa ikitumia kalori zipatazo 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Na madaktari wa Australia walionyesha mwaka 2011 kwamba kemikali za damu zinazoamsha njaa huweza kubaki juu mwaka mzima baada ya mtu kupungua kwa masharti makali. Mtu amekwisha kusahau masharti, mwili haujasahau.

Je, basi daftari na simu vitupwe? Hapa yafaa tuwe waadilifu, kwa maana ushahidi hauendi upande mmoja. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2008, uliohusu watu wanaokaribia 1,700, wale walioandika chakula chao kila siku walipungua mara mbili kuliko wale wasioandika kabisa. Ingawa yamkini mwenye bidii ya kuandika ndiye huyo huyo mwenye bidii ya kujizuia, haiwezi kusemwa kuwa daftari halikuwa na kazi. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 wataalamu wa Pittsburgh walitoa habari ya vijana 471 waliopewa mafunzo ya kupungua. Baadhi yao walivikwa kifaa cha kuhesabu mwendo na nguvu wanazotumia. Baada ya miaka miwili wenye kifaa walikuwa wamepungua kwa kilo 3.5, na wasio nacho kwa kilo 5.9. Kifaa cha bei kubwa kilishindwa na mikono mitupu!

Jibu lililo karibu zaidi na swali letu lilitoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipunguza mafuta, na jingine lilipunguza wanga na sukari. Hakuna aliyepangiwa idadi ya kalori. Wote waliambiwa wale mboga kwa wingi, waepuke sukari na vyakula vya viwandani, wapike nyumbani kila inapowezekana, na wale mpaka waridhike. Baada ya mwaka kundi la kwanza lilikuwa limepungua kwa wastani wa kilo 5.3 na la pili kilo 6. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua kilo nyingi sana na walioongezeka. Mwaka uliofuata, mtaalamu Kevin Hall wa Marekani aliwaweka watu 20 mahali pamoja kwa mwezi mmoja, akawapa kwa zamu vyakula vya viwandani na vyakula vya kawaida, kila mtu ale apendavyo. Walipokula vya viwandani waliongeza kalori kama 500 kwa siku bila ya kujua, wakaongezeka karibu kilo moja kwa majuma mawili. Walipokula vya kawaida walipungua kiasi hicho hicho. Chakula chenyewe kiliwahesabia.

Yuko mgonjwa ambaye maneno haya hayamhusu moja kwa moja. Mwaka 2017 huko Uingereza watu wenye kisukari cha ukubwani walipewa, badala ya chakula, vinywaji maalumu vyenye kalori zipatazo 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 kati yao hawakuwa tena na kisukari wala hawakutumia dawa zake. Hayo ni masharti makali kupita yote tuliyoyataja, nayo yalileta heri. Lakini walifuatwa na wauguzi kila mara na kurudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua, jambo lisilofanana na karatasi iliyonakiliwa kwa jirani.

Sasa turudi katika nyumba zetu. Daftari la kalori lilizaliwa mahali ambapo kila mtu ana sahani yake, na chakula hutoka katika pakiti iliyoandikwa uzito. Mama anayekula pamoja na watoto na mashemeji katika sinia moja atahesabuje? Ugali ni wa kumega, mboga ni ya kuchovya, na tonge la shemeji si sawa na la mtoto. Katika meza ya namna hii mwenye kuhesabu mdomoni atashindwa siku ya kwanza. Yafaa ahesabu jikoni.

Chukueni mfano wa mafuta ya kupikia. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Katika nyumba ya watu sita ambamo lita hiyo huisha kwa siku tatu, kila mmoja hupata kutokana na mafuta peke yake kalori kama 460 kwa siku. Lita hiyo hiyo ikifikishwa siku ya sita, kila mmoja atapata 230. Chakula ni kile kile, sinia ni lile lile, hakuna aliyenyimwa tonge. Mpishi ameacha tu kumimina kutoka kwenye chupa, akaanza kupima kwa kijiko; kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120. Aandike kwa mkaa nyuma ya mlango tarehe aliyoifungua chupa, na hilo ndilo daftari lake lote.

Baada ya mafuta huja vinywaji, kwa kuwa ni vyepesi kusahaulika na havishibishi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 au zaidi, yaani vijiko vidogo kama vinane. Bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200, na ni nadra kuiona ikinywewa peke yake. Chai ya vijiko vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, inakaribia kalori 200. Punguzeni kijiko kimoja kila juma. Ulimi hauchelewi kuzoea. Kisha mboga za majani na maharage viongezwe hadi vijaze nusu ya chakula, na ugali au wali ukae upande mmoja kama mgeni mwenye adabu. Hivi vyote hupatikana sokoni, na mara nyingi ni nafuu kuliko mikate na maandazi yanayokaangwa barabarani.

Tahadhari moja haina budi kutiliwa mkazo. Katika nyumba nyingi za nchi zetu mama mnene na mtoto aliyedumaa hukaa chini ya paa moja. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na haja kubwa ya nguvu. Mafuta ni chakula chake. Mpishi atoe kwanza fungu la mtoto, alitie kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa, ndipo apakue la wakubwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kupungua bila ya kuongea na wauguzi wao.

Ama kuhusu kujipima, mizani si lazima. Chukua kamba, jipime kimo tangu utosini hadi kisiginoni, ikunje kamba mara mbili, kisha izungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Kama ncha zake hazikutani, tumbo limezidi nusu ya kimo, na hapo ndipo hatari za kisukari na moyo huanza kupanda. Mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula, yatosha. Watu waliofaulu kukaa na uzito mdogo kwa miaka, ambao habari zao zimekusanywa Marekani tangu 1994, wengi wao hujipima angalau mara moja kwa juma na hutembea karibu saa moja kila siku. Anayepungua nusu kilo kwa juma anakwenda vizuri, na anayepungua kidogo kuliko hivyo asivunjike moyo. Lakini mtu anayekonda bila ya kukusudia, huku akila kama kawaida, aende zahanati akapimwe kisukari, kifua kikuu na UKIMWI. Asingoje majirani wamwambie.

Na mwenye kutumia sindano au vidonge vya kisukari amwone daktari kabla ya kubadili chakula chake. Dawa iliyopimwa kwa sahani ya zamani yaweza kuishusha sukari kupita kiasi sahani inapopungua. Akiona anatetemeka, anatoka jasho la baridi na akili inampotea, anywe mara moja maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, na wenzake nyumbani waoneshwe mapema mahali kopo la sukari linapowekwa.