Ubadilishaji wa ekzosi ya pikipiki

Ekzosi ya pikipiki (pia: bomba la moshi) ni mfumo wa bomba na kasha la kupunguza sauti unaopokea gesi zilizoungua kutoka kwenye silinda ya injini na kuzitoa nyuma ya chombo. Kwa kuwa hukaa chini, karibu na tope na maji, ekzosi ni miongoni mwa sehemu zinazoshika kutu mapema. Ekzosi iliyoharibika inaweza kubadilishwa, kuchomelewa au kupakwa rangi upya bila kurekebisha kabureta, mradi njia ya moshi ibaki na upana, urefu na ukinzani uleule. Njia hiyo ikibadilishwa, kabureta nayo hukaguliwa na kurekebishwa. Kupuuza jambo hili kunaweza kuharibu injini.

Hali katika Mkoa wa Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni mji wa Mpanda. Huko, kama kwingineko Tanzania, pikipiki hubeba abiria na mizigo kati ya mji na vijiji, mara nyingi kwenye barabara za udongo. Mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo tope hunata kwenye bomba, hushika unyevu na kuharakisha kutu. Wakati wa kiangazi mashimo hutikisa ekzosi mpaka bolti zinalegea na viungo vinapasuka.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya silinda moja ya mipigo minne, yenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 100 hadi 150, inayopozwa kwa hewa. Kwa dereva, siku ambayo chombo kiko gereji haina kipato, hata kama mwenye pikipiki bado anasubiri hesabu yake. Kwa hiyo ni muhimu kujua ni matengenezo gani ya ekzosi yanaishia kwenye ekzosi yenyewe, na yapi yanagusa injini.

Uhusiano wa ekzosi na kabureta

Ili petroli iungue kikamilifu, gramu 1 huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kabureta hupima petroli kwa jeti, yaani tundu dogo lenye kipimo maalumu. Kipimo hicho huchaguliwa kiwandani kulingana na ukinzani wa ekzosi ya awali, na hakijibadilishi chenyewe. Ekzosi ikitobolewa, ikikatwa au ikitolewa vizuizi vya ndani, mtiririko wa hewa katika injini hubadilika, na mara nyingi petroli huwa pungufu. Injini hupata joto kupita kiasi, na vali ya moshi au pistoni inaweza kuungua. Kinyume chake, ekzosi iliyozibwa na masizi huzuia moshi kutoka, na pikipiki hukosa nguvu mlimani.

Katika injini za mipigo miwili umbo la ekzosi lina athari kubwa zaidi, kwa sababu mawimbi ya gesi ndani yake husaidia kuzuia mchanganyiko mbichi usitoke kwenye silinda. Hata kubonyea kwa bomba kunaweza kubadilisha utendaji wa injini hiyo.

Kazi zisizohitaji kurekebisha kabureta ni kufunga ekzosi mpya ya modeli ileile, kuziba tundu la kutu, kubadilisha gasketi au kishikizo, na kupaka rangi upande wa nje. Kazi zinazohitaji ukaguzi wa kabureta ni kufunga bomba pana au fupi zaidi, kutoa vizuizi vya ndani, na kufunga ekzosi ya modeli nyingine.

Hatua za kubadilisha

Kazi hufanyika injini ikiwa imepoa. Nati zilizoshika kutu hupakwa mafuta ya kulainisha na kuachwa kwa muda, kwa sababu kuzilazimisha huweza kukata stadi, yaani bolti zilizofungwa kwenye kichwa cha silinda. Gasketi ya zamani hutolewa yote na mpya kuwekwa. Ya zamani imekwisha kubonyezwa na haizibi tena vizuri.

Nati za kichwa cha silinda na bolti ya kishikizo hufungwa kwanza kwa mkono, ili ekzosi ikae mahali pake bila kuvutwa. Kisha nati hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, na bolti ya kishikizo hukazwa mwisho. Ekzosi iliyofungwa kwa kuvutwa hupasuka upesi.

Kupaka rangi upya

Kutu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa, kisha bomba hufutwa kwa thina ili lisiwe na mafuta. Rangi ya kawaida huungua, hivyo hutumika rangi ya kuvumilia joto kali, kwa tabaka nyembamba. Ikikauka, injini huwashwa kwa dakika chache na kuachwa ipoe, mara kadhaa, ili rangi ishike. Maelekezo ya kopo hufuatwa.

Rangi ya nje haizuii kutu ya ndani. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, ambao hugeuka kuwa maji bomba linapopoa. Baadhi ya ekzosi zina tundu dogo chini ya kasha la kutolea maji hayo, nalo halipaswi kuzibwa.

Ukaguzi

Masizi kuzunguka kiungo ni dalili ya kuvuja. Milipuko midogo inayosikika mkono wa mafuta unapoachiliwa inaweza pia kutokana na hewa inayoingia kwenye kiungo kilicholegea. Kwa hiyo gasketi na nati hukaguliwa kabla ya kugusa skrubu za kabureta.

Baada ya safari, plagi hufunguliwa injini ikiwa imepoa. Rangi ya kahawia kwa kawaida huonyesha mwako mzuri. Nyeupe huashiria upungufu wa petroli au joto kali. Nyeusi yenye masizi makavu huashiria petroli nyingi.

Usalama

Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Injini haipaswi kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa. Bomba lililopakwa zinki hutoa moshi wenye madhara likichomelewa. Kinga ya joto hurudishwa kila mara, kwani bila hiyo abiria huweza kuungua mguu. Ekzosi iliyotolewa vizuizi huongeza pia kelele. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.